Majimaji ya 1985 na Timu ya Chuo Chetu

Vijana wakinisikia nikisema Majimaji ya Songea imewahi kuwa bingwa wa Tanzania, hutoa simu mfukoni wanihakiki. Wakifungua orodha wanakuta 1985 Yanga, 1986 Tukuyu Stars, kisha wananitazama kwa huruma, bibi amechanganya mambo. Ninawaambia wasome mbele zaidi. Hiyo ni orodha ya Bara. Tangu 1982 ilikuwapo Ligi ya Muungano juu yake, ambamo timu zilizofanya vizuri Bara zilikutana na zile za Zanzibar, na aliyeshinda huko ndiye bingwa wa Muungano. Mwaka 1984 taji lilichukuliwa na KMKM ya Unguja. Mwaka 1985 likaja Songea. Mwaka 1986 tukalichukua tena.

Nilikuwapo. Nilikuwa mwanachuo wa ualimu, Daraja A, binti wa mtaa wa Lizaboni hapo hapo Songea, na katibu wa michezo katika serikali ya wanachuo. Ukatibu niliupata kwa sababu wavulana wote waliukimbia. Wao walitaka kucheza. Katibu ndiye aliyelala na jezi chumbani, ndiye aliyezifua kwa sabuni ya kuokoteza, na ndiye aliyeitwa ofisini mpira ukipotea. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba nipewe daftari jipya. Daftari hilo ninalo hadi leo, na ndilo linaloniwezesha kuandika haya bila kubahatisha.

Lizaboni ya wakati ule ilikuwa nyumba za tofali za udongo, nyingi za nyasi, chache za bati, na mashamba ya mahindi yaliyoingia hadi ukutani. Majirani zetu walikuwa Wangoni, Wandendeule, Wamatengo, Wayao, Wanyasa, na familia zilizovuka Ruvuma kukimbia vita vya Msumbiji. Mama alipika komoni, pombe ya kienyeji. Mwisho wa juma uani kwetu palijaa madereva wa malori, mafundi uashi, makarani wa ofisi za mkoa na watu wa mpira. Mama hakuwahi kukanyaga uwanjani, lakini matokeo aliyajua kabla ya redio. Jua likizama, pipa likiwa bado zito, alitikisa kichwa: "Leo wamefungwa hawa."

Tulikuwa na jina kubwa la kubeba. Songea ndiko Wajerumani walikonyonga mashujaa wa vita vya Majimaji, 67 kwa siku moja, tarehe 27 Februari 1906. Makumbusho yao yalifunguliwa mwaka 1980, hapo hapo mjini. Uwanja ukaitwa Majimaji, timu ikaitwa Majimaji, na mashabiki wakajiita Wanalizombe, kutokana na ngoma ya lizombe inayochezwa kwetu. Timu ngeni ilipofika, ilikuta jina, ngoma na baridi ya Juni vikiisubiri kwa pamoja. Kila timu nchini ilikuwa na kamati ya ufundi, na hakuna Mtanzania wa kuambiwa ni ufundi gani. Lakini kuja kucheza na watu ambao babu zao waliahidiwa kwamba dawa ya Kinjeketile ingegeuza risasi kuwa maji, hilo liliwatia wageni wengi wasiwasi. Wengine waliukwepa mlango wa uwanja wakaruka ukuta, halafu wakafungwa vilevile.

Kilichotusaidia zaidi ya ufundi wowote ni umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Songea ni zaidi ya kilomita 900. Mgeni alipanda Kitonga, akapita Iringa, akageuka Makambako, akaingia Njombe na ukungu wake, kisha zikamngoja kona za Lukumburu. Lami ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Waingereza, ilikuwa bado mpya ikinukia. Kabla yake, masika yakikolea, mkoa mzima ulikuwa kisiwa. Mchezaji wa Dar aliyeshuka basini Songea alikuwa ameshakula nusu ya nguvu zake njiani, na jioni hiyo hiyo alikutana na maji ya kuoga yanayouma meno.

Basi, katika mji huo na mwaka huo, nasi chuoni tulikuwa na timu.

Uwanja wetu ulikuwa na mteremko. Magoli yalikuwa nguzo za mkaratusi, na kila baada ya mvua upande mmoja ulizama kidogo, hivyo golikipa mrefu alipangiwa upande wa juu. Mpira ulikuwa wa ngozi, ulioshonwa na kushonwa tena na fundi viatu wa Lizaboni, mzee ambaye hakuchukua fedha ila aliomba apewe nafasi ya kukaa mstari wa mbele. Kibofu cha ndani kilipotoboka tulikiziba kwa kiraka cha baiskeli. Njumu zilikuwa chache kuliko wachezaji. Beki wa kulia na winga wa kushoto walikuwa na mguu wa ukubwa mmoja, na hilo lilikuwa tatizo, kwa sababu wote wawili walikuwa wa kikosi cha kwanza. Mmoja alicheza na raba za turubai, wakabadilishana mapumziko.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Sukari, sabuni, nguo na betri vilitafutwa kwa foleni na kwa kujuana. Waziri Mkuu Sokoine alikuwa amefariki Aprili 1984, na vita vyake dhidi ya wahujumu uchumi bado vilizungumzwa kwa sauti ya chini. Jezi zetu tulizirithi kutoka kwa waliotutangulia, na namba saba haikuwapo kabisa. Tuliandika saba kwa rangi ya mlango juu ya fulana ya kijani. Alipotoka jasho, mvulana aliyeivaa alirudi bwenini akiwa na saba nyingine mgongoni.

Mkufunzi wetu wa michezo alikuwa mtu wa maneno machache. Aliamini mambo mawili: mchakamchaka wa alfajiri, na kumpa mpira mtu aliye huru. Alikataa kabisa mtu kukaa na mpira mguuni. "Mwalimu," alimwambia kiungo wetu fundi wa chenga, kwa maana chuoni tuliitana walimu hata kabla ya kuhitimu, "ukiwa darasani utajibu maswali yote peke yako?" Kiungo yule hakusahau. Nilikutana naye miaka mingi baadaye, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akawa anawaambia walimu wake maneno yale yale.

Sasa nije kwenye kile ninachotaka watu wakijue. Majimaji na sisi hatukuwa dunia mbili. Wachezaji wao tuliwajua kwa sura na kwa nyumba wanazoishi. Walipanga vyumba mitaani, walinunua dagaa wa Nyasa sokoni pamoja na mama zetu, na wengine walikuwa na ajira ofisini au viwandani kama watu wengine. Mara kwa mara kikosi chao cha pili, kikichanganywa na wakubwa wawili watatu waliotoka majeruhi, kilikuja kufanya mazoezi na vijana wa chuo. Hatukuwahi kuwashinda. Siku njema tulifungwa mawili, siku mbaya niliacha kuandika.

Baada ya mazoezi hayo ndipo mambo yalipofanyika. Mzee mmoja wa timu, mwenye koti la kaki na kofia ya baraghashia, alinifuata mimi badala ya mkufunzi. Alikuwa ameona daftari.

"Dada katibu, hujambo?"

"Sijambo, shikamoo baba."

"Marahaba. Yule wa kushoto, ametoka wapi yule?"

Nikafungua ukurasa. Ametokea Mbinga, alisoma sekondari ya misheni, ana miaka 19, anatumia miguu yote miwili ila wa kulia anauonea haya. Mzee akacheka, akatoa kalamu ya risasi nyuma ya sikio, akaandika kwenye kipande cha karatasi ya sigara. Kisha akauliza wa pili, na wa tatu. Aliuliza kama wanavuta sigara, kama wana wazazi, kama wamebakiza muda gani chuoni. Mwezi uliofuata alirudi, akauliza wale wale, apime kama wameongezeka. Nilikuja kujua kwamba mashuleni nako alikuwa akifanya hivyo, na kwenye viwanja vya chandimu, hata kwenye mechi za vijiji siku za minada. Uani kwa mama alikunywa kopo moja tu la komoni, akasikiliza madereva: nani kaonekana Namtumbo, nani Peramiho, nani Mbamba Bay.

Msimu wetu wenyewe haukuwa wa kuandikwa magazetini. Mechi za kwanza tulicheza karibu. Tulikwenda Peramiho juu ya lori la magunia ya mahindi, kwa maana Ruvuma ilikuwa moja ya mikoa minne iliyolisha nchi, na lori tupu lilikuwa adimu kuliko lori lenye mzigo. Peramiho, kwenye abasia ya Wabenediktini, walitupokea kwa chai ya maziwa na mkate uliookwa pale pale, kisha wakatufunga. Timu ya kambi moja ya jeshi tulitoka nayo sare, na golikipa wetu alibebwa juu juu hadi bwaloni akapewa ugali wa watu watatu.

Safari ninayoikumbuka ni ya Mtwara, kwenye mashindano ya vyuo vya ualimu. Kufika huko kulikuwa na njia mbili: kuzunguka hadi Dar es Salaam kisha kuteremka pwani, au kukata moja kwa moja kwa Tunduru na Masasi. Tulikata. Barabara ilikuwa udongo mwekundu mtupu, na mvua ilikuwa imenyesha. Tunduru ina sifa ya simba wala watu tangu zamani, na dereva wetu, Myao wa huko huko, alizijua hadithi zote na alizisimulia zote. Lori lilipokwama usiku, hakuna aliyeshuka kusukuma mpaka kulipokucha, hata yule beki wetu aliyejiita Chuma. Tukala mihogo mibichi na karanga. Tulifika Mtwara tumevimba miguu, siku moja nyuma ya ratiba, tukaingizwa uwanjani mchana wa joto ambalo watoto wa Songea hawakuwa wamewahi kulionja.

Tulifungwa bao moja. Lilifungwa dakika za mwisho, kwa kona. Tulikuwa tumecheza vizuri kuliko siku nyingine zote za mwaka, mpira ukitembea kama mkufunzi alivyotaka, na uwanja mzima uliwapigia makofi vijana wetu walipotoka. Yule wa kushoto aliupiga kwa mguu wa kulia mara mbili. Niliandika hilo kwa wino mwekundu.

Tuliporudi, nchi ilikuwa kwenye mambo makubwa. Mwalimu Nyerere alikuwa anaondoka madarakani. Tarehe 5 Novemba 1985 alimkabidhi urais Mzee Mwinyi, na chuoni tulikaa bwaloni tukilia bila kuelewa vizuri tunalia nini. Kwetu Songea mwaka huo ulikuwa na jambo la pili. Bara hakukuwa na televisheni, wala isingekuwapo hadi 1994. Mpira wa mbali tuliuona kwa masikio, kupitia Radio Tanzania, kwa sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary. Betri zilizokwisha tulizianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu za dakika tisini. Siku Majimaji ilipotangazwa bingwa wa Muungano, redio ya jirani ilikata kabla mtangazaji hajamaliza jina. Tulijua kwa kelele zilizoanzia upande wa mjini. Lizaboni ililia lizombe hadi alfajiri. Mama aligawa komoni bure, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata kwenye harusi ya dada yangu, na asubuhi akatudai sisi watoto tuliokunywa.

Baada ya sherehe, timu ya chuo ilikufa. Hatukugombana na mtu wala hatukukosa fedha kuliko mwanzo. Ulifika wakati wa BTP, mazoezi ya kufundisha, tukatawanywa mashuleni: huyu Mbinga, huyu Namtumbo, huyu Tunduru kwenye simba wake. Tukirudi kulikuwa na mitihani, kisha kuhitimu. Kikosi kilichowatoa jasho watu wa Mtwara hakikucheza pamoja tena hata siku moja. Nililia kwa ajili yao kuliko nilivyolia kwa ajili ya Mwalimu. Mkufunzi alinikuta nikikunja jezi, akaniuliza ninalilia nini. Nikamwambia timu imekwisha. Akasema, "Mwalimu, timu ya chuo huisha kila baada ya miaka miwili. Nenda getini ukawaone waliokuja leo."

Nilikwenda. Mwaka wa kwanza walikuwa wanashusha masanduku ya bati kutoka kwenye lori. Wawili kati yao walikuwa tayari wanapigiana danadana na limau.

Miaka mingi baadaye mpwa wangu alipata nafasi ya kusoma Ann Arbor, jimbo la Michigan, huko Marekani. Akanipigia simu kunieleza kuhusu mpira wao wa miguu, ambao kwa sehemu kubwa huchezwa kwa mikono, na wachezaji wanavaa kofia ngumu. "Shangazi, hii ni timu ya chuo, wanafunzi kabisa, na uwanja unaingiza watu zaidi ya 107,000." Nikahesabu kichwani: Songea yote ya 1985 isingeujaza. Lakini nilichomuuliza hakikuwa ukubwa wa uwanja. Nilimuuliza, wakihitimu wanafanyaje? Akasema mchezaji anaruhusiwa misimu minne tu, basi. Kila mwaka wakubwa wanaondoka, na makocha wanazunguka sekondari za nchi nzima, mlango hadi mlango, wanakaa na wazazi sebuleni, wanatafuta watakaokuja. Timu hiyo ilianza kucheza mwaka 1879. Imehitimisha vikosi vizima zaidi ya mara 30 na bado ipo.

Hapo ndipo nilipopata maneno ya kueleza yaliyotukuta. Watu husema timu za mikoani ziliuawa na Simba na Yanga kwa kununua wachezaji. Mwaka 1986 shilingi ilishushwa thamani, biashara ikafunguliwa, fedha ikapatikana Dar kuliko mahali pengine popote, na ile lami iliyotuletea wageni ikawa njia nzuri ya kuondokea. Kweli, wachezaji waliondoka. Lakini mchezaji mzuri huondoka siku zote, na ana haki ya kuondoka. Ana mama wa kumjengea nyumba. Majimaji ilichukua taji la Muungano tena mwaka 1998, na waliocheza 1998 hawakuwa wale wa 1985. Maana yake kulikuwa na watu waliokuja nyuma. Kuondoka hakukuiua timu.

Tazama orodha ya miaka ile. Tukuyu Stars, bingwa wa Bara 1986 katika msimu wake wa kwanza ligi kuu. Coastal Union ya Tanga 1988. Pamba ya Mwanza, bingwa wa Muungano 1990. Ligi ya Muungano yenyewe imekwisha. Majimaji ilirudi ligi kuu, ikashuka, ikarudi, na mwaka 2018 ikashuka tena. Katika miaka hiyo timu nyingi za mikoani zilijifunza kutafuta mchezaji aliyekwisha kuiva, aliyeachwa na timu kubwa, aletwe kwa basi Agosti na aondoke kwa basi Mei. Mzee wa kalamu nyuma ya sikio hakuwa na mshahara wa kumfanya aendelee, wala hakufundisha mwingine. Alipozeeka, kazi yake haikuwa na mwenye nayo.

Mimi nilifundisha shule za msingi za Ruvuma mpaka nikastaafu, na kila mahali niliendelea na daftari kwa mazoea tu. Nina watoto wa kushoto wa kutosha humo. Yule wa Mbinga hakufika Majimaji. Alihitimu, akapangiwa kazi Lindi, akaoa huko, na timu ya shule yake ilikuwa tishio la wilaya. Wenzake wawili waliitwa kufanya majaribio. Mmoja alibaki msimu mmoja kwenye kikosi cha pili. Idadi hiyo ni ndogo, lakini ukiikusanya kutoka kila chuo, kila sekondari na kila chandimu ya mkoa, unapata kikosi cha kwenda Muungano.

Kwa hiyo anayetaka kuirudisha Majimaji juu, asianzie Dar es Salaam kuuliza nani ameachwa. Watoto wapo. Jumamosi saa kumi jioni Lizaboni wanacheza, na bado hawana njumu za kutosha. Aje na kalamu, na mwezi ujao arudi aulize wale wale.